Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Gede, Malindi na Bei ya Ukarimu

Wengi wanaokwenda likizo pwani ya Kenya hupanga safari kwa mtindo mmoja: siku moja ya Ngome ya Yesu Mombasa, saa mbili za magofu ya Gede, kisha siku zote zilizobaki ni kuogelea Watamu au Malindi. Historia hutangulizwa ili ipite, starehe ipate nafasi. Lakini kwenye kilomita 120 hivi za barabara ya Mombasa hadi Malindi, ngome, magofu na hoteli ni habari moja: miji iliyoishi kwa wageni wa baharini, na gharama ya kuwakaribisha.

Anayetaka kuifuata habari hiyo aanzie Gede. Mji huu ulistawi hasa katika karne ya 15, ndani ya ukuta wa nje uliozunguka ekari zipatazo 45. Kaburi moja la hapa lina mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Msikiti wa Ijumaa, jumba la mtawala, visima na nyumba zenye vyoo vya ndani vilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. James Kirkman, aliyechimba magofu haya kuanzia 1948, alikuta vyombo vya kaure kutoka China, vigae vya vyombo vilivyong'arishwa kutoka nchi za Kiislamu, na shanga. Kwa hiyo mgeni alifika, au angalau mali yake ilifika, ingawa mji wenyewe uko kilomita kadhaa ndani kutoka ufuoni.

La ajabu ni kwamba Wareno walikaa Malindi, mwendo wa kilomita 15 tu, kwa karibu karne nzima, na maandishi yao hayautaji mji huu. Mwanzoni mwa karne ya 17 Gede ilikuwa imehamwa. Watafiti wanataja kukauka kwa visima, kuzorota kwa biashara, na Waoromo waliokuwa wakisogea kusini. Msitu ukaufunika. Mwaka 2024 UNESCO iliutia mji huu katika orodha ya urithi wa dunia.

Malindi ilifuata njia nyingine: ilijitangaza. Mwaka 1415 wajumbe wake walimfikishia Mfalme Yongle wa China twiga, zawadi iliyoshangaza watu wa ikulu yake. Mreno Vasco da Gama alipofika Aprili 1498, akiwa amekwisha kushukiana na watu wa Mombasa, sultani wa Malindi alimpokea na kumpa nahodha wa kumwongoza. Pepo za kusi zilikuwa zinaanza, na chini ya mwezi mmoja merikebu zake zilikuwa Calicut, India. Ukarimu huo ulikuwa na hesabu ndani yake. Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu, na mgeni mwenye mizinga alikuwa rafiki wa kufaa.

Mwanzoni hesabu ilionekana kulipa. Wareno waliishambulia na kuipora Mombasa mwaka 1505, na tena mwaka 1528. Ilipoanguka mikononi mwao kabisa, sultani wa Malindi alihamishiwa huko kutawala, na mwaka 1593 Ngome ya Yesu ikaanza kujengwa kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Adui wa jadi alikuwa ameshindwa. Ila bandari ya Malindi ilibaki nyuma bila mfalme na bila biashara, na Mombasa mwenye amri alikuwa kapteni wa ngome. Sultani Hasan wa ukoo wa Malindi aligombana na kapteni, akauawa mwaka 1614. Mwanawe, Yusuf, alipelekwa Goa, India, akalelewa katika Ukristo, akarudishwa kutawala. Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua kapteni na kuiteka. Hakuweza kuishikilia, mwaka uliofuata aliiacha akaingia baharini. Anayetazama kuta zile akiwa na habari hii hatasema ni jengo la Wareno peke yao. Ukoo wa Malindi nao umo ndani yake.

Malindi yenyewe ilikuwa gofu hadi mwaka 1861, ilipoanzishwa upya chini ya Sultani Majid wa Zanzibar. Iligeuka ghala la mtama na ufuta, kwa jasho la watumwa. Wengi walitoroka wakajenga vijiji vyao bara, kama Fuladoyo. Hawa hawakuja kama wageni, wala hapakuwa na aliyewauliza kama wanapenda kubaki.

Hoteli za ufuoni zilianza miaka ya 1930, zikipokea walowezi waliotoka nyanda za juu. Mwaka 1967 Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, na baada ya wahandisi wakaja wawekezaji na watalii. Leo utawasikia vijana wa Malindi wakiongea Kiitaliano kwa ufasaha. Lakini mji unaotegemea mgeni huumwa akikosekana. Ghasia za Likoni za mwaka 1997, kusini kabisa ya Mombasa, zilitosha kupunguza watalii pwani nzima, na mwaka 2020 korona ikafunga milango tena.

Methali husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Historia ya njia hii inaongeza sharti: mwenyeji ashike funguo za nyumba yake. Mfano mmoja uko langoni mwa magofu ya Gede. Tangu 1993 mradi wa Kipepeo hununua mabundo (pupa) ya vipepeo kwa wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, na kuyauza ng'ambo. Msitu ukikatwa, vipepeo hakuna, kwa hiyo mkulima ana sababu yake mwenyewe ya kuulinda. Mtalii anayelipa kiingilio kwenye mradi huo anaacha fedha mikononi mwa watu wanaobaki hapo msimu ukiisha, jambo ambalo sultani wa 1498, pamoja na ukarimu wake wote, hakuliwekea mkataba.