Kipimo Kilichotenda Haki

Tunapotimiza miaka 10 ya ushirika wetu, yafaa tukumbuke deni letu kwa elimu. Zamani huko Wisconsin, Marekani, maziwa yalilipwa kwa uzito tu. Aliyetia maji alipata sawa na mwaminifu, hata kumzidi. Mwaka 1890 Stephen Babcock wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alitoa kipimo chake: maziwa hutiwa asidi kali, chupa huzungushwa kwa kasi, na mafuta hupanda shingoni yakasomwa. Hakujiwekea haki ya kukiuza peke yake. Hila ikafichuka, na mfugaji akamjua ng'ombe arudishaye gharama ya malisho na yule alaye bure. Mwaka 1905 wafugaji wa Newaygo, Michigan, wakaunda chama cha kupima ng'ombe wao. Basi tusikiogope kipimo; ndicho mlinzi wa ushirika.