Mwanaroboti na kipande

Kijana mmoja wa hapa Amani, Tanga, aliniuliza: mtu aliyesomea roboti tumwiteje? Nikamjibu papo hapo: mwanaroboti. Tunao mwanasheria, mwanahisabati na mwanaanga, njia imeshafunguliwa. "Mtaalamu wa roboti" ni sahihi pia, ila ni refu mdomoni. "Fundi roboti" tumwachie anayeshika bisibisi.

Neno roboti lenyewe limetoka Kicheki. Mwaka 1920 Karel Čapek alichapisha tamthilia yake R.U.R., na neno alipewa na kaka yake Josef, mchoraji. Chimbuko ni robota, kazi ya shuruti ambayo mkulima alimfanyia bwana mwenye ardhi. Kumbe halikuanza na chuma! Roboti wa Čapek walikuwa na miili kama yetu.

Sisi wa Tanga robota tunaielewa bila kufungua kamusi. Kiswahili kina shokoa, kazi ya lazima isiyo na ujira. Na wazee wa mkonge walikuwa na kipande: kadi ya siku 30, inatiwa alama kila siku ya kazi, na mshahara hautoki mpaka ijae. Wajerumani walioanzisha kituo cha utafiti hapa Amani mwaka 1902 ndio hao hao ambao utawala wao, kule Usambara Magharibi, uliwalazimisha wanaume kuchukua kipande.

Yule kijana alinyamaza kidogo, kisha akafungua daftari. Akaandika: mwanaroboti, wingi wanaroboti. Chini yake akaongeza: kipande.