Mwanzi na Kisu: Kuhesabiwa kwa Misaji ya Pegu

Msaji si mti mgeni kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Kabla haujapandwa katika nchi hizi, mbao zake zilikuwa zikijulikana sana kwa mafundi wa majahazi wa Bahari ya Hindi, kwa kuwa haziliwi upesi na wadudu wala haziharibiki upesi kwa maji ya chumvi. Na jina lake lenyewe limetoka katika Kiarabu. Makwao hasa ni Bara Hindi, Burma na Siam. Na huko Burma, mwaka 1856, mtu mmoja alianza kuihesabu misaji kwa utaratibu ambao baadaye uliwafundisha wengi.

Wafalme wa Burma waliufanya msaji kuwa mti wa kifalme, mtu asiweze kuukata ila kwa idhini. Waingereza walipoitwaa Tenasserim baada ya vita vya 1824 hadi 1826, amri hiyo haikushikwa kwa nguvu. Wafanya biashara wa mji wa Moulmein walipewa ruhusa za kukata, na wenye ruhusa hawakuwa na haja ya kufikiri juu ya mwaka wa pili. Manowari za Uingereza zilitaka mbao, mialoni ya Ulaya ilikuwa imepungua, na bei ilikuwa nzuri. Muda wa miaka thelathini haukupita ila misitu iliyokuwa karibu na mito ilikuwa imekwisha miti yake mikubwa. Hakuna aliyejua imetoka mingapi, kwani hakuna aliyejua ilikuwako mingapi.

Basi mwaka 1852 Waingereza walipoiteka Pegu, ambako misaji ilikuwa mingi zaidi, Lord Dalhousie, mtawala mkuu wa India, aliogopa yasije yakarudi yale yale. Mwaka 1855 serikali yake ilitangaza kuwa misaji ya Pegu ni mali ya dola. Lakini kutangaza ni jambo moja, na kuijua mali yako ni jambo jingine. Kazi hiyo alipewa Dietrich Brandis, Mjerumani aliyezaliwa Bonn mwaka 1824. Hakuwa bwana misitu kwa kusomea. Alikuwa mwalimu wa elimu ya mimea katika chuo kikuu cha mji wake. Alishika kazi Januari 1856.

Kuuhesabu msitu wote, mti kwa mti, kusingaliwezekana hata kwa jeshi zima. Brandis alipanda tembo akafuata migongo ya vilima, mahali ambapo mtu aweza kuona pande zote mbili. Mkononi alishika vipande vinne vya mwanzi, kila kimoja kwa daraja moja ya miti, na kisu katika mkono wa pili. Kila alipouona msaji ndani ya ukanda aliojiwekea, alikata alama katika mwanzi wa daraja yake. Karatasi ingalilowa mvua. Mwanzi haukujali mvua. Jioni alizihesabu alama na kuziandika daftarini. Akijua upana wa ukanda na urefu wa safari, aliweza kukisia miti iliyomo katika msitu wote kwa ile aliyoiona katika sehemu yake.

Daraja zile zilipimwa kwa mzunguko wa shina. Ya kwanza ilikuwa miti ya futi 6 na zaidi, ndiyo iliyofaa kukatwa. Ya pili ilianzia futi 4 na nusu. Mbili za chini zilikuwa za miti midogo na miche. Kisha akatafuta jambo ambalo kwa hakika ndilo moyo wa kazi yake yote: mti wa daraja ya pili huchukua muda gani kuingia ya kwanza? Alikadiria miaka 24. Kwa hiyo, katika miti ya daraja ya kwanza, isikatwe kwa mwaka ila sehemu moja ya ishirini na nne. Tuseme kwa mfano msitu una miti 24,000 iliyokomaa. Ikikatwa 1,000 kila mwaka, siku wa mwisho unapoanguka, ile iliyokuwa ya pili imekwisha shika nafasi zao. Hesabu hii ni nyepesi hata mtoto aifahamu, na pengine ndiyo sababu wafanya biashara waliichukia: haikuwaachia pa kubishana ila penye tamaa.

Utaratibu huu ulikuwa na kasoro zake. Aliyepita juu ya kilima hakuyaona yote ya bondeni. Aliuhesabu msaji peke yake, kana kwamba miti mingine yote ya msitu ni magugu. Tena msaji mbichi huzama majini, hivyo hapana budi gome na ubao wake wa nje ukatwe kuzunguka shina, mti ukaukie pale pale uliposimama kwa miaka miwili mitatu, ndipo uangushwe, uburutwe na tembo mpaka mtoni na kuelea kwenda Rangoon. Kwa sababu hiyo, kosa la leo la kuhesabu huonekana baada ya miaka, na waliolifanya huenda hawapo tena.

Kuna na jambo zito zaidi. Mti uliokwisha hesabiwa una mwenyewe. Wakareni wa milimani walikuwa wakifyeka na kuchoma mahali wapande mpunga, kisha wakihama. Sasa msaji ulioungua katika shamba lao ukawa ni hatia. Brandis aliwataka wapande misaji katikati ya mpunga na kuiacha ikue wao watakapohama. Mwanzoni walikataa, nao hawakukosa akili, maana aliyepanda alikuwa akijitoa katika ardhi yake kwa mkono wake mwenyewe. Baadaye wengi waliingia katika kazi hiyo, iliyojulikana kwa jina la taungya. Mwanzoni mwa karne ya 20 iliingizwa Kenya, ikaitwa mfumo wa shamba. Na huko nako ugomvi juu ya nani hasa anayefaidika ulidumu.

Wafanya biashara wa Rangoon hawakunyamaza. Mwanzoni mwa miaka ya 1860, Brandis akipinga, serikali ilifungulia makampuni sehemu ya misitu. Yeye aliitwa India, na mwaka 1864 akawa mkuu wa kwanza wa misitu yote ya nchi hiyo. Mmarekani Gifford Pinchot, aliyekuja kuwa mkuu wa misitu kwao, alipata mashauri yake alipokuwa mwanafunzi Ulaya. Brandis alikufa Bonn mwaka 1907. Kuhesabu kwa sehemu kuliendelea kwa vyombo bora zaidi. Tanzania ilipopima misitu ya nchi nzima baina ya 2009 na 2014, iliona kuwa zaidi ya nusu ya ardhi yake, hekta milioni 48, ni misitu na mapori ya miti.

Na milima ile ya Pegu, iitwayo sasa Bago? Kanuni ya kukata kwa kiasi iliendelea kuandikwa katika vitabu vya serikali, ilhali kwa miaka mingi kilichokatwa kilizidi kilichoandikwa. Mwaka 1856 Brandis alipita humo akiwa na mwanzi wake. Mwaka 2016 serikali ya Myanmar ilitangaza kuwa ukataji katika milima hiyo hiyo usimamishwe kwa miaka kumi.