Fundi Konde na Gitaa Lililokwenda Burma



Jioni moja ya mazoezi, kabla Mwalimu hajafika, mzee wetu mmoja wa besi alianza kuvumisha wimbo polepole huku akipanga viti. Akina mama wawili wa alto wakamfuata. Punde si punde watu wazima wote walikuwa wameingia, kila mmoja na sauti yake, bila karatasi na bila wa kuwaongoza. Vijana wa soprano wakabaki kutazamana. Mmoja akaniuliza, "Katibu, huu ni wa kwaya gani?"

Haukuwa wa kwaya. Ulikuwa "Tausi Ndege Wangu", wimbo wa Fundi Konde.

Kamati ya jubilii ilipogawa kazi za kijitabu hiki, niliomba niandike habari za mtu huyo. Haikupita bila maneno. Mzee mmoja wa kanisa alisema, na alisema kwa upole, kwamba mtu wa dansi ana mahali pake, na kijitabu cha kwaya ni cha mambo ya kwaya. Ndipo mama mmoja wa alto akasimama. Alisema marehemu babake alirudi kutoka Burma akiwa kijana, akaishi nao miaka mingi, na hakuwahi kuwasimulia vita hata siku moja. Lakini akiwekewa santuri ya Fundi Konde alikuwa akikaa pale pale, amenyamaza, mpaka iishe, halafu anasema, "Huyo alikuwa na sisi." Kamati ikanyamaza. Nikaandikiwa kurasa tatu.

Fundi Konde alizaliwa mwaka wa 1924 huko Mwabayanyundo, katika Kaunti ya Kilifi ya leo. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka wa 1939 alikuwa bado mvulana. Vilipokwisha alikuwa mtu mzima aliyekwisha kuvuka bahari. Hapo katikati ndipo penye habari yangu.

Wakenya zaidi ya 90,000 waliingia jeshini katika vita hivyo. Wengine walijitolea kwa sababu ya mshahara, wengine walichukuliwa tu. Waliokuwa katika jeshi la King's African Rifles wananchi waliwaita watu wa Keya. Walipigana kwanza na Waitaliano huko Somalia na Ethiopia, wakapelekwa Madagaska mwaka wa 1942, kisha wakavushwa Bahari ya Hindi kwenda Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, wajitayarishe kukabiliana na Wajapani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia Burma, yaani Myanmar, mwaka wa 1944.

Kuvuka kwenyewe kulikuwa hatari. Mwezi wa Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Kilindini, Mombasa, ikielekea Colombo, ikiwa na watu zaidi ya 1,500. Wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, manowari ya Kijapani iliipiga, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa karibu watu 1,300. Nimeitaja meli hiyo kwa sababu moja. Tunaposema fulani "alikwenda kuwatumbuiza askari ng'ambo", tunaweza kudhani ilikuwa safari ya matembezi. Maji waliyoyavuka wapiga gitaa ni yale yale waliyoyavuka wapiga mizinga.

Jeshi liliunda kikosi cha burudani. Wapigaji walitoka Kenya, Uganda na Tanganyika, wakafanyiwa mazoezi Uganda, kisha wakapelekwa kuzunguka India na Burma wakiwa na magitaa, mandolini, kodiani na ngoma. Miongoni mwao alikuwamo Fundi Konde, kijana wa miaka ishirini hivi.

Hebu fikirini watu waliokuwa wakiwaimbia. Nusu ya pili ya mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ilikuwa ikisukumana na Wajapani katika bonde la Kabaw, wakati wa masika ya huko, mvua ambayo haikati. Magari yalizama kwenye tope, chakula kikadondoshwa kwa ndege. Malaria na homa ya vijidudu vya msituni viliangusha watu kila siku. Mwezi wa Desemba walifika Kalewa, kwenye mto Chindwin, na hapo wahandisi wa jeshi wakajenga daraja la vyuma lenye urefu wa mita 350 hivi, refu kuliko madaraja yote ya aina hiyo wakati huo. Wajaluo, Wakamba, Wanandi, Waluhya, Wagiriama, Wanyamwezi, Waganda na watu wa Nyasaland walikuwa pale pamoja. Wengi hawakuwa wamewahi kuiona bahari kabla ya kupandishwa meli.

Jambo linalonigusa zaidi, labda kwa kuwa nimesomea ualimu, ni lugha. Jeshini lugha ya pamoja ilikuwa Kiswahili, lakini kilikuwa Kiswahili cha amri: simama, geuka, beba, lala chini, kimbia. Ngeli zilivunjika, heshima hazikuwepo. Sisi walimu huwa tunakicheka Kiswahili hicho cha Keya darasani, na wanafunzi wakikiandika tunawakata alama. Hatujiulizi ilikuwaje kwa kijana kutoka Kitui au Nandi aliyekipokea Kiswahili kwa mara ya kwanza kama kelele za sajini. Kwake Kiswahili kilikuwa lugha ya kufokewa.

Kisha anasimama mbele yake kijana wa pwani na gitaa, na Kiswahili kile kile kinatoka kikiwa laini. Kinabembeleza, kinatania, kinamlilia mtu aliyeachwa nyumbani. Nyimbo tunazozijua leo Fundi Konde alizirekodi baada ya vita, lakini sauti ni hiyo hiyo na lugha ni hiyo hiyo: lugha yenye tausi na kipenzi ndani yake. Mimi naamini wengi wa askari wale walijifunza kambini kwamba Kiswahili kinaweza kusema mambo ya moyoni, na walirudi nacho hivyo vijijini. Barua nyingi hazikufika, na wengi hawakujua kuandika. Wimbo haukuhitaji kusomwa.

Wanakwaya, mnajua maneno tunayoambiwa: "Nyinyi kazi yenu ni kuimba tu." Tumeyasikia matangani tulipolala macho na wafiwa, tumeyasikia hospitalini tulipokwenda kuimbia wagonjwa. Sijui kama Fundi Konde aliambiwa hivyo. Lakini mtu anayetetemeka kwa homa katika hema, maili maelfu kutoka kwao, hamwambii mwimbaji kwamba kazi yake ni kuimba tu.

Vita viliisha Agosti 1945. Kurudi hakukuwa kama walivyotarajia. Wanajeshi Wazungu waligawiwa mashamba katika nyanda za juu chini ya mpango wa serikali wa kuwapa makazi. Askari Mwafrika alipewa pesa zake kidogo na kuonyeshwa njia ya kwao, na kipande akaendelea kukibeba. Waruhiu Itote, aliyejulikana baadaye kama Jenerali China wa Mau Mau, alikuwa mmoja wa waliorudi kutoka Burma, na ameandika mwenyewe jinsi safari ile ilivyomfungua macho. Wengine waliamua kunyamaza. Jijini Nairobi, karibu na City Stadium, kuna soko tunaloliita Burma. Vijana wetu wanakwenda pale kununua nyama, na nimewauliza: hawajui jina hilo lilitoka wapi.

Wanamuziki wa kikosi kile hawakutawanyika mara moja. Peter Colmore, Mzungu aliyekuwa akishughulika nao tangu jeshini, aliendelea kuwakusanya, na baadhi yao wakapiga pamoja kwa jina la Rhino, Uganda na kisha Mombasa, hadi walipoachana mwaka wa 1948. Fundi Konde akaingia studio. Sahani zake zilitolewa na kampuni ya HMV, na yeye ni mmoja wa watu wa kwanza Afrika Mashariki kurekodi kwa gitaa la umeme. Kati ya miaka ya 1947 na 1956 hivi ndipo zilipotoka zile ambazo wazee wetu bado wanazikumbuka: "Mama Sowera", "Majengo Siendi Tena", "Jambo Sigara", "Kipenzi Waniua-Ua", "Ajali Haikingiki". Hiyo ya mwisho, kwa jina lake tu, nadhani aliyetoka Kabaw aliielewa kuliko sisi.

Nimezisikiliza tena na tena nikiandika makala haya, na naomba wanakwaya wazisikilize kwa sikio la kwaya. Hakuna kupiga kelele. Sauti ya pili inakaa chini ya ya kwanza kwa karibu, kama alto yetu inavyotakiwa kukaa chini ya soprano, wala haishindani nayo. Kila neno linasikika hadi irabu yake ya mwisho. Mwalimu anatupigia kelele kila Alhamisi kuhusu kumeza maneno. Fundi Konde hakuyameza. Na gitaa lake halimkatizi mwimbaji, linangoja amalize ndipo linajibu. Nasema hivi nikikumbuka kwamba hata katika kwaya hii kulikuwa na miaka ambayo gitaa halikuruhusiwa kuvuka mlango wa kanisa, likisemwa kuwa ni chombo cha baa. Leo tunalo mbele kabisa, pembeni mwa kinanda.

Baadaye Fundi Konde aligeuka kuwa fundi kweli: alifanya kazi ya kurekodi wengine. Kisha yakaja mapigo mapya, twist na benga na rumba kutoka Kongo, na jina lake likaanza kupotea. Redio ilipiga nyimbo zake katika vipindi vya zilizopendwa, watu wakaitikia jikoni na kwenye matatu, na hawakuuliza mwenyewe yuko wapi. Alikuwepo, hapa hapa nchini. Katika miaka ya 1990 ndipo Them Mushrooms, kundi la vijana wa pwani lililoipa dunia "Jambo Bwana", walipomtafuta wakapiga naye nyimbo zake upya. Wakati huo huo kampuni ya RetroAfric ya London ilikusanya sahani zake za zamani na kuzitoa tena kwa CD. Fundi Konde alifariki mwaka wa 2000.

Nashukuru kwamba alipata kushangiliwa tena akiwa hai. Lakini hesabu yake inanisumbua. Kwa miaka karibu thelathini nchi nzima iliimba nyimbo za mtu aliye hai kana kwamba zimeota zenyewe kama nyasi. Nilipokuwa nikikusanya orodha ya nyimbo za kwaya yetu kwa ajili ya jubilii hii, niligundua kwamba katika daftari letu la kwanza nyimbo kumi na moja hazina jina la aliyezitunga. Sita kati yake bado tunaziimba. Nimezunguka kwa wazee na nimepata majina manne. Wawili wamelala. Wawili wako hai, na mmoja wao hukaa benchi la nyuma kabisa upande wa dirisha kila Jumapili, na hajawahi kutuambia.

Majina hayo manne yamechapwa mwishoni mwa kijitabu hiki, pamoja na nyimbo zao. Nafasi za yale yaliyobaki nimeziacha wazi. Mwenye kukumbuka asisubiri ibada iishe, aje hata katikati ya chakula.

Kuhusu "Tausi", kamati imeamua kwamba hautaimbwa ndani ya ibada. Utaimbwa baada ya chakula cha mchana, chini ya hema, na wale wale walioanza siku ile ya mazoezi. Mzee wa kanisa aliyepinga makala haya ameomba awekwe kwenye besi. Na yule mama wa alto ataleta santuri ya babake, ile ile, imefungwa kwenye kitambaa. Shida ni kwamba gramafoni yao iliharibika zamani. Mwenye gramafoni ya sindano inayofanya kazi, au anayemjua aliye nayo, tafadhali amwone katibu kabla ya Jumamosi.