Katani ya Thika Gatini

Nahodha anayefunga gati kwa chombo chenye injini moja hupambana kwanza na rafadha yake mwenyewe. Akirudisha injini nyuma ili chombo kisimame, tezi, yaani nyuma ya chombo, haitulii, hutambaa kando. Rafadha ya kawaida, ile inayozunguka kulia chombo kikienda mbele, huvuta tezi kushoto. Maji yanayorushwa kuelekea omo, yaani mbele ya chombo, hupiga ubavu mmoja kwa nguvu kuliko mwingine, na usukani usiopata mkondo wa rafadha hausaidii kitu.

Mjuzi huegesha kwa ubavu wa kushoto, na mvuto huohuo humsogezea tezi gatini. Akilazimika kutumia ubavu wa kulia, hutegemea kamba. Moja hufungwa karibu na omo, ikavutwa kuelekea nyuma hadi kwenye nguzo ya gati. Injini hutiwa mbele polepole, usukani ukielekezwa mbali na gati, nayo tezi hujileta.

Kamba kama hiyo, kwa miaka mingi, ilikuwa ya nyuzi za mimea, katani ikiwemo. Ndiyo maana mji wa bara kama Thika, ambako mito Chania na Thika hushuka kwa maporomoko yasiyopitisha hata mashua, una nafasi katika historia ya vyombo vya baharini.

Mkonge, mmea unaotoa katani, asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai katika nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika ni 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Kutoka kwa michache hiyo likatoka zao lililotandaa Afrika Mashariki. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza lilikuwa limekwisha kushika mizizi katika mashamba ya walowezi upande wa Thika na Makuyu. Reli iliyofika Thika mwaka 1913 iliunganisha eneo hilo na Nairobi, na kupitia Nairobi, na bandari ya Kilindini. Mwaka 1927 ikaanzishwa kampuni ya Kakuzi Fibrelands. Jina lenyewe lilitaja nyuzi.

Kazi ya shambani ilikuwa ngumu: jani la mkonge lina mwiba mkali nchani, na utomvu wake huwasha ngozi. Vibarua walioyakata majani hayo wanastahili kutajwa kila kamba za meli zinaposimuliwa.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Wajapani walipoiteka Ufilipino mwaka 1942, mataifa ya Washirika yalipoteza chanzo kikuu cha nyuzi za manila, kamba bora ya mabaharia wa enzi hizo. Yakageukia katani ya Afrika Mashariki.

Baada ya vita zikaenea nailoni na nyuzi nyingine za viwandani, ambazo haziozi kwa maji kama katani. Bei ya mkonge ikaporomoka katika miaka ya 1960. Kakuzi leo inajulikana kwa parachichi na makadamia.

Gatini, mabadiliko hayo yanaonekana mkononi mwa nahodha. Katani hunyumbuka kidogo tu. Nailoni hurefuka kwanza, na aliyeitia injini mbele hungoja kamba ikaze ndipo tezi ianze kusogea.