Kongosho Lilipobebeshwa Lawama

Mwaka 2005, madaktari wa Mayo Clinic huko Rochester, Minnesota, waliandika habari za wagonjwa sita waliowahi kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Uzito ulikuwa umeshuka kama walivyotaka. Shida ilikuja baada ya mlo: saa moja au mbili tangu wale, jasho linawatoka, mikono inatetemeka, akili inavurugika, wengine wanazimia. Wakipimwa, sukari iko chini mno na insulini iko juu.

Insulini hutoka kwenye kongosho, basi kongosho likabebeshwa lawama. Madaktari walilikata sehemu, na kwenye hadubini wakaona seli zinazotoa insulini zimezidi.

Mwaka uliofuata, Juris Meier na wenzake walivipima upya vipande vilevile, wakivilinganisha na kongosho la watu wanene. Seli hazikuwa zimezidi. Kumbe zilikuwa zinafanya kazi kupita kiasi tu.

Nani alizisukuma? Jibu lilikuwa kwenye njia ya chakula. Tangu Edward Mason aanzishe upasuaji huo Iowa mwaka 1966, tumbo huachwa kifuko kidogo kinachounganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Chakula hakikai tena tumboni kikitolewa kidogo kidogo. Hufika utumboni kwa mkupuo, sukari ikapanda kwa kasi, na utumbo ukamwaga homoni ya GLP-1 inayoliamuru kongosho litoe insulini. Madaktari waliokata matumbo yenye vidonda walikuwa wameshaziona dalili kama hizi miongo mingi kabla, na inasikitisha kwamba ujuzi huo haukutangulia kisu.

Mwaka 2010 Tracey McLaughlin na wenzake walieleza kisa cha mgonjwa mmoja aliyetoa ushahidi kwa mwili wake. Akila kwa mdomo, insulini inafumka na sukari inaanguka. Chakula kilekile kikipitishwa kwa mpira hadi kwenye sehemu ya tumbo iliyoachwa kando, vipimo vinatulia. Kongosho ni lilelile. Mwaka 2014 kundi la Marzieh Salehi lilizuia GLP-1 kwa kemikali inayotokana na sumu ya mjusi wa jangwani, na sukari haikuanguka tena.

Wengi waliokatwa kongosho walirudiwa na dalili. Leo matibabu huanzia kwenye sahani: milo midogo, wanga kidogo, protini ya kutosha, soda na juisi kuachwa; isipotosha, huongezwa akabosi, dawa inayochelewesha wanga kumeng'enywa.