Kusimamia mjadala si kufunga mlango tu

WAKENYA wengi huamini kwamba dawa ya matusi katika vikundi vya mtandaoni ni moja: mtoe msemaji, au funga kikundi, basi. Kabla ya kuikubali dawa hiyo, hebu tuitazame historia yetu wenyewe.

Mashada lilikuwa baraza la mtandaoni la Wakenya, mwanzilishi wake akiwa David Kobia aliyeishi Marekani. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mijadala ya humo iligeuka kuwa ya chuki za kikabila. Wasimamizi walilemewa na Januari 2008 Kobia akalifunga. Simlaumu. Nje ya mtandao watu walikuwa wakiuana. Zaidi ya 1,100 walipoteza maisha.

Kinachonivutia zaidi ni alichofanya baadaye. Alianzisha ukumbi mwingine, I Have No Tribe, uliowaalika watu kuzungumza kama Wakenya. Tofauti i wapi? Ukumbi wa pili ulitangaza lengo lake mlangoni. Aliyeingia alijua ameitiwa nini.

Lengo pekee halitoshi, lakini. Msimamizi sharti aijue lugha ya wasemaji. Chukua neno ‘madoadoa’. Ukilitafuta katika kamusi, utapata habari za alama ndogo ndogo kwenye kitu, mathalan ngozi ya chui. Ila katika siasa za Bonde la Ufa neno hilo hilo limetumiwa kuwaita majirani wa kabila jingine uchafu unaopaswa kuondolewa. Msimamizi anayewinda matusi ya wazi tu atalipita neno hilo bila kushtuka. Si ajabu kwamba Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) ilipotoa orodha ya maneno ya chuki, ‘madoadoa’ lilikuwamo.

Kabla ya hapo, mwaka wa 2017, NCIC na Mamlaka ya Mawasiliano zilikuwa zimetoa mwongozo uliomtwika msimamizi wa jukwaa jukumu la kudhibiti yanayosemwa humo. Sawa. Lakini jukumu bila maarifa humfanya mtu awe askari wa lango tu.

Kwa maoni yangu, msimamizi bora hufanya mambo matatu. Hutaja lengo na kanuni siku ya kwanza, kabla ya hasira kupanda. Huingilia kati mapema, neno likiwa bado moja, kwa kumuuliza msemaji: “Ndugu, hapo unamaanisha nini?” Na akilazimika kumtoa mtu, huwaeleza waliobaki sababu, wasije wakadhani ametolewa kwa kabila au chama chake.

Uchaguzi wa 2027 unapokaribia, vikundi vya ukoo, kanisa, msikiti na chama vitachemka tena. Wewe unayesimamia kimoja, anza kazi leo. Samaki mkunje angali mbichi.